Nakimbia maratoni nimegeuzwa njiani Kibo, mama mtu mzima kafika Uhuru. Nini hasa kinaamua?

#1 Mbio za Jioni
Wakuu, salaam.

Sijaja kulia, nimekuja kuuliza. Tarehe 6 Desemba tulianza kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kundi la watu 14, wengi wa ofisi moja na ndugu zao. Lengo lilikuwa tuwe kilele cha Uhuru asubuhi ya tarehe 9. Mimi nina miaka 31, nakimbia kilomita 42 chini ya saa 4, sivuti, bia ni za Jumamosi tu. Kwenye kundi kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, nadhani ana 58 hivi, mwili umejaa jaa, anatembea kama anasindikiza harusi asiyoichangia. Siku zote yeye ndiye wa mwisho kuingia kambini. Mandara mimi nishakunywa chai, nishamaliza bisi, nishanawa maji ya beseni, ndiyo anatokea.

Usiku wa kilele tukatoka kambi ya mwisho, Kibo, saa 5 na nusu. Pango la Hans Meyer nilifika natapika. Juu kidogo ya hapo gaidi akanimulika usoni, akaniuliza jina la mwanangu. Nikamtajia jina la mbwa wetu. Akasema, "Kaka, kwako imeishia hapa." (Kwa wageni: mlimani "gaidi" ni mwongoza watalii, msiite polisi.)

Saa 1 na nusu asubuhi nimelala kibandani, kichwa kinagonga kama kinu, nasikia kwenye redio ya upepo kwamba mama yuko Uhuru anapigwa picha na kitenge.

Naomba sababu za kueleweka. Msiniambie mlima haukunitaka.

#2 Kiatu Kimoja
Mlima haukukutaka.

#3 Ndizi Nyama
Nimeweka kambi. Ila mleta uzi jibu umeliandika mwenyewe, ulikuwa unawahi bisi.

#4 Popo wa Gilman's
Mimi ni gaidi, niko mlimani tangu 2009. Sikuwa na kundi lenu, lakini mtu wa aina yako namjua kwa kumtazama getini tu. Wazee hawatupi wasiwasi. Wanaotupa wasiwasi ni vijana wa jimu. Mzee ukimwambia pole pole anashukuru. Kijana anacheka, anaweka muziki masikioni, anapotea mbele. Siku ya kwanza ile ni msitu, kivuli, hewa ipo, anajiona shujaa. Siku ya tatu pale Tandikoni, kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, jangwa tupu na upepo, anaanza kunyamaza. Nikiona kijana mcheshi amenyamaza najua usiku nina kazi.

Kosa la pili ni la wenzangu. Anayetembea taratibu kuliko wote huwekwa mbele, nyuma ya gaidi msaidizi, kundi zima linafuata mguu wake. Nyinyi inaonekana kila mtu alijiendea.

#5 Mzee Rukwa
Suala ni hewa tu. Kule juu oksijeni ni asilimia 10 wakati huku chini ni 21. Mwenye misuli mikubwa anahitaji oksijeni nyingi, mama anahitaji kidogo. Hesabu ya darasa la nne.

#6 Sindano Haiumi
#5, Mzee shikamoo, ila hapo turekebishe. Oksijeni kileleni ni ileile asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Mita 5,895 mgandamizo unakaribia nusu ya ule wa Dar, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inabeba karibu nusu ya oksijeni. Matokeo ni kama ulivyosema, sababu siyo.

Kwa mleta uzi: mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Yanakusaidia miguu isiume na moyo usichoke haraka, basi. Mkimbiaji na mla chipsi wanaumwa sawasawa, na mkimbiaji ana hatari moja ya ziada, anaweza kupanda haraka kabla mwili haujastuka. Kinachotabiri vizuri ni historia: kama uliwahi kuumwa mwinuko ule, utarajie tena.

Ulipanda kwa siku ngapi? Tarehe 6 hadi kilele tarehe 9 naona kama kuna siku imeliwa.

#7 Mbio za Jioni
#6 asante daktari. Ndiyo, siku 5 kwenda na kurudi. Kampuni ilitupa chaguo la 5 au 6, kamati ikapiga kura, pesa ya siku ya sita ikawa ya fulana.

#8 Ndizi Nyama
Fulana imefika kileleni?

#9 Mbio za Jioni
Ya mama imefika.

#10 Sindano Haiumi
Sasa tazameni. Mandara ni kama mita 2,720. Horombo 3,720. Kibo 4,720 hivi. Yaani kila usiku unalala mita 1,000 juu ya jana. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka 3,000, usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Nyinyi mmekwenda mara mbili ya hapo, halafu usiku huohuo mkaongeza mita elfu na mia nyingine. Siku ya sita ndiyo ile ya kulala Horombo mara mbili, mchana mnapanda hadi Miamba ya Pundamilia mnarudi kulala chini. Hiyo ndiyo mmeigeuza fulana.

Wenzenu wa njia ya Machame wanapita Lava Tower mita 4,600 halafu wanashuka kulala Barranco chini ya 4,000. Panda juu, lala chini.

#11 Kiatu Kimoja
Daktari umeeleza vizuri kabisa kwa nini mlima ni mgumu. Hujaeleza kwa nini mama siyo mleta uzi. Mama naye alienda siku hizohizo 5, akalala vibanda hivyohivyo, na fulana hiyohiyo.

#12 Sindano Haiumi
#11 hapo umenibana. Ndio maana nasubiri maelezo zaidi.

#13 Bi Tausi
Mie mtu wa Tanga, nimezaliwa na bahari mlangoni. Nilifika Uhuru 2019 kwa njia ya Lemosho, siku 8. Siri yangu dawa, Diamox. Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, nikaanza siku moja kabla ya geti. Vidole vinawasha kama umeshika upupu, soda haina ladha kabisa, na usiku unatoka hemani kukojoa hadi nyota zinakuzoea. Lakini kichwa hakikuniuma hata siku moja. Mleta uzi, ulimeza?

#14 Mbio za Jioni
Nilimeza Kibo, saa 3 usiku, baada ya kichwa kuanza.

#15 Bi Tausi
Ndo hayo. Mwavuli unaufungua ushaloa.

#16 Sindano Haiumi
Dawa ile inafanya figo zitoe baikaboneti, damu inakuwa na tindikali kidogo, mwili unalazimika kuvuta pumzi zaidi, hasa usingizini. Mlimani usiku pumzi za watu hukatika, ananyamaza sekunde kadhaa halafu anashtuka na pumzi ndefu. Jirani anadhani amekufa. Dawa inapunguza hilo. Inaharakisha kuzoea, haifuti ugonjwa uliokwisha kupamba moto. Na mwenye mzio wa dawa za salfa aongee na daktari kwanza, asisome uzi huu akakimbilia duka la dawa.

#17 Mgumu wa Marangu
Habari zenu. Mimi nimebeba mizigo miaka 11, sisi ndio wagumu. Naona mtu ataleta hadithi kwamba Wachaga tuna damu ya mlima, niwahi kabla hajafika. Nyumbani kwetu vihamba vinaishia kwenye mita 1,800 hivi, juu ya hapo ni msitu. Hatuzaliwi Kibo. Nimewaona wagumu wenzangu, vijana wa Marangu na Kilema, wanatapika Kibo kuliko wageni, ila mgumu akitapika hakuna anayempiga picha. Tofauti yetu ni kwamba tunapanda mara nyingi kwa msimu, mwili haupati muda wa kusahau.

Na jamani, kilo 20 ni kilo 20. Getini kuna mizani. Msituongezee spika la muziki baada ya mizani.

#18 Ndizi Nyama
Mleta uzi, spika lilikuwepo?

#19 Mbio za Jioni
Halikuwa langu.

#20 Wa Nyeri
Watani wa Tanzania, hamjambo. Kisa kama hiki nimekiona Mlima Kenya, njia ya Sirimon. Kambi ya Old Moses mita 3,300, ya Shipton's 4,200, halafu alfajiri kilele cha Lenana 4,985. Tulikuwa tisa, na aliyeanguka ni mwalimu wa michezo. Dada yangu mwenye pumu akafika. Mimi naamini ni baridi na woga. Mtu akiogopa anapumua juu juu, hewa haifiki chini ya mapafu. Wanawake wazee wamezaa, wamezika, hawaogopi giza.

Na mkumbuke huo mlima ulikuwa wetu, Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani siku ya kuzaliwa.

#21 Mzee Rukwa
Hadithi ya zawadi ya siku ya kuzaliwa ni ya vijiweni. Mpaka ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, wakagawana kwenye meza. Mstari ukapinda kuuzunguka mlima ukabaki upande wa Wajerumani. Na nyie bakini na Batian yenu, kilele cha 5,199 ambacho mpaka kamba ndiyo mkifikie.

#22 Wa Nyeri
Nakubali kamba. Picha nzuri za Kilimanjaro bado zinapigwa Amboseli.

#23 Kiatu Kimoja
Mnahama mada. Ila kwa kuwa mmehama: Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kule juu usiku wa Uhuru wa Tanganyika, bila intaneti. Mleta uzi alikuwa na intaneti akataja mbwa.

#24 Asiyetaka Jina
Naomba niseme jambo lisilo la kuchekesha. Binamu yangu alikuwa hivyohivyo, ana nguvu, alikuwa anacheza mpira wa mikono. Tulikuwa kambi ya Barafu, njia ya Machame. Mchana alikohoa kikohozi kikavu, tukasema vumbi. Saa 2 usiku anashindwa kulala chali, kifua kinatoa sauti kama mtungi unaochemka, midomo imekuwa ya buluu. Gaidi mkuu hakusubiri asubuhi. Wakamfunga kwenye machela ile ya tairi moja, wagumu sita, wakamshusha usiku kwa usiku. Kufika chini alikuwa anaongea. Ilikuwa maji kwenye mapafu. Angebaki mpaka kupambazuke nisingekuwa naandika hivi.

Kwa hiyo mleta uzi, aliyekugeuza, kama unayo namba yake, mtumie ya soda.

#25 Mbio za Jioni
#24 pole sana kwa yaliyowakuta. Namba ninayo.

#26 Sindano Haiumi
#24 asante kwa kuandika. Kwa wote: kikohozi, kushindwa kupumua ukiwa umekaa, kuyumba kama mlevi, kuchanganya majina, hayo hayasubiri chai. Unashuka. Mtihani wa jina la mtoto ule ni wa ubongo, na mleta uzi aliufeli wazi.

Kuna lingine la kwetu: mtu wa Dar akiumwa kichwa na kutapika siku ya tatu mlimani, inaweza pia kuwa malaria aliyopanda nayo. Nimewahi kuiona.

#27 Hesabu za Giza
Naomba nipinge wote. Watu 14, magaidi wangapi? Nimeenda na makundi makubwa mara tatu. Usiku wa kilele watu wawili wakizidiwa, gaidi msaidizi anashuka nao. Wakizidiwa wengine, anashuka mwingine. Gaidi mkuu anahesabu: nikibaki peke yangu na watu tisa, nani atanisaidia? Kwa hiyo anaanza kuwageuza mapema wale wa mashaka ili aliyebaki naye atoshe. Mleta uzi hukushindwa na hewa, umeshindwa na hesabu. Kijana angepanda na gaidi wake mmoja angepumzishwa nusu saa, akafika Gilman's, pale ukingoni kabla ya Uhuru, akapata japo cheti kile kidogo.

#28 Popo wa Gilman's
#27 Unaongea kama umewahi kukaa na watu tisa gizani mita 5,300. Ndiyo, hesabu ipo, siwezi kuikana. Ila kumpumzisha mtu nusu saa pale kwenye baridi ya chini ya sifuri ni kumgandisha. Akitaja mbwa hapumziki, anashuka.

#29 Hesabu za Giza
Umesema hesabu ipo. Imetosha.

#30 Mwl. wa Kitulo
Hamjambo humu. Binti yangu ndiye kanionyesha uzi. Mimi ndiye huyo mama. Na sina 58, nina 61.

Kuhusu kutembea kama nasindikiza harusi nisiyoichangia: niliichangia, maana shilingi zangu za siku ya sita zimo kwenye fulana hiyo. Mimi na mtu mmoja ndio tulipinga ile kura.

#31 Mbio za Jioni
Shikamoo mama. Naomba radhi kwa harusi.

#32 Mwl. wa Kitulo
Marahaba. Ulinisaidia kufunga kamba za viatu Horombo, sina kinyongo.

#33 Kiatu Kimoja
😂😂 uzi umepata mwenyewe.

#34 Sindano Haiumi
Shikamoo mwalimu. Jina lako linanipa jibu! Kitulo ile ya Makete, uwanda wa maua? Kule ni zaidi ya mita 2,600. Mtu anayelala 2,600 mwaka mzima, Mandara kwake ni kama kwenda sokoni. Damu yake ina chembe nyekundu za kutosha kabla hajafika getini. Wakuu, #11, fumbo limeisha.

#35 Mwl. wa Kitulo
Marahaba mwanangu. Nisikuharibie, ila tangu Septemba nilikuwa Dar, Mbagala, kwa binti yangu aliyejifungua. Nimetoka Mbagala kwenda Moshi kwa basi. Miezi mitatu sijaona baridi.

#36 Sindano Haiumi
Basi nimeshindwa. Faida ya mwinuko inapotea ndani ya wiki chache ukikaa chini. Labda kidogo kimebaki, sijui nikuweke wapi.

#37 Ndizi Nyama
Kwamba Mbagala ndiyo kambi ya mazoezi ya Kilimanjaro. Nahamia kesho.

#38 Bi Tausi
Mwalimu, shikamoo. Ulimeza ile dawa?

#39 Mwl. wa Kitulo
Marahaba. Sikumeza, nina mzio wa salfa. Na nilitapika mara mbili, msidhani nilipaa. Mara ya kwanza Kibo, mara ya pili kwenye yale mawe kabla ya Gilman's. Kichwa kiliniuma mpaka meno. Lakini nilipoulizwa majina ya watoto nikataja yote matano kwa mpangilio, na wajukuu, gaidi akasema inatosha mama.

Mnataka siri, mimi naona ni chakula. Usiku ule Kibo watu walikataa kula. Mimi nilikula uji bakuli mbili na ndizi, kwa kujilazimisha, kama mtu anayekunywa dawa. Maji nilikuwa nakunywa kila gaidi anaposimama, nikitaka nisitake. Huyu kijana hakugusa kijiko. Alikuwa amejifunika anatafuta mtandao arushe picha. Na toka Mandara alikuwa anapenga kamasi.

#40 Popo wa Gilman's
Mafua! Hukusema mafua.

#41 Mbio za Jioni
Yalikuwa kidogo.

#42 Popo wa Gilman's
Getini huwa tunauliza: una homa, una kifua, una presha? Wote wanajibu "niko fiti". Halafu Horombo ndiyo naletewa orodha.

#43 Hesabu za Giza
Mafua hayamfanyi mtu ataje mbwa.

#44 Mgumu wa Marangu
Mimi nina jambo dogo la kuongeza. Mama huyu kama ndiye ninayemfikiria, mwenye kitenge cha njano, tulipishana Horombo tukishuka na kundi jingine. Alikuwa anapumua kwa hatua. Hatua moja, pumzi moja. Wagumu wa zamani ndivyo walivyotufundisha kubeba. Ulifundishwa wapi mama?

#45 Mwl. wa Kitulo
Ndiye mimi. Sikufundishwa. Shule niliyofundisha ya mwisho ilikuwa juu ya kilima na mimi nakaa bondeni, miaka 19. Ukipanda kwa pupa unafika ubaoni huna sauti.

#46 Mzee Rukwa
Miaka 19 ya kilima ni mazoezi, na daktari kasema mazoezi hayasaidii.

#47 Sindano Haiumi
Nilisema hayazuii ugonjwa. Kuupanda mlima ukiwa mgonjwa ni habari nyingine, na mwalimu alikuwa mgonjwa akapanda. (Wengine msiige.)

#48 Wa Nyeri
Kwa hivyo ni kilima, ama uji, ama mafua, ama hesabu ya magaidi, ama woga kama nilivyosema. Chagueni.

#49 Kiatu Kimoja
Umesahau mlima kutokumtaka.

#50 Mbio za Jioni
Nashukuru wote. Nimemtumia yule gaidi ya soda, amejibu "karibu tena, njoo na jina la mtoto". Februari nataka kujaribu Meru kwanza, mita 4,566, tunalala kibanda cha Miriakamba halafu cha Saddle. Wanasema ukilala kule halafu ukaunganisha Kilimanjaro siku hizohizo mwili unakuwa umeshazoea. Tutakuwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Mama, kama una nafasi, nakualika.

#51 Mwl. wa Kitulo
Nitakuja, mjukuu atakuwa na miezi mitano. Masharti: siku zote zilipwe kamili, fulana kila mtu avae ya kwake, na wewe utembee nyuma yangu.

#52 Mbio za Jioni
Nyuma kabisa mama.

#53 Hesabu za Giza
Ulizeni magaidi wangapi.

#54 Chai ya Rangi
Wakuu nimechelewa, sijasoma kurasa za nyuma. Naomba kuuliza, choo cha Kibo kikoje?

#55 Ndizi Nyama
Anzisha uzi wake.